Ushauri: Kurekodi albamu ya akodiani ya Kiskoti sebuleni, besi inameza melodi

Mkaazi wa Perth
Wakuu, habari zenu. Tunaandaa albamu ya dansi za Kiskoti: reel, jig, strathspey na walzi mbili. Akodiani ni ya vitufe vya piano, besi 120, ina musette ya ndimi tatu (vibamba vitatu vya chuma vinavyolia pamoja kwa kila noti na kutoa mtetemo). Sebule ni mita 4 kwa 5, ina zulia na mapazia mazito. Nina maiki mbili ndogo za kondensa na intafesi ya njia mbili (kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta). Maiki zote ziko sentimita 20 kutoka kwenye chombo. Besi inafunika melodi, tena inapanda na kushuka ovyo. Vitufe vya kulia navyo vinagonga tak-tak kwenye rekodi. Piano na ngoma zitaongezwa baadaye. Nianze kurekebisha wapi?

Fundi Sauti
Anza na umbali. Upande wa kulia wa akodiani umetulia kifuani mwa mpigaji, wa kushoto ndio unaotembea na mvukuto. Maiki ikiwa sentimita 20 tu, mvukuto ukifunguka besi inaisogelea, ukifungwa inaikimbia, ndiyo maana inapanda na kushuka. Maiki ya kushoto irudishe hadi sentimita 60 au 70, uielekeze pale besi inapofika mvukuto ukiwa umefunguka nusu. Usijaribu kutibu jambo hili kwa kompresa (kifaa cha kusawazisha sauti kubwa na ndogo); utapandisha pumzi za mvukuto tu.

Ya kulia iweke sentimita 50, usawa wa wavu wa sauti au juu yake kidogo, iangalie wavu na si vitufe. Tak-tak itapungua sana. Kinachobaki mara nyingi ni mkanda wa mvukuto unaochapa mbao, kwa hiyo ufunge. Vifungo vya shati na bizimu la mkanda wa suruali navyo viangalie. Kiti kiwe cha mbao, kisicho na mikono.

Rekodi kwa biti 24, vilele visipite desibeli -12. Kama mwisho wa safari ni CD, tumia 44.1 kHz tangu mwanzo.

Mwana wa Reel
Nakubaliana na Fundi, ila nusu ya tatizo la besi liko kwenye mkono. Katika muziki huu mkono wa kushoto hupiga besi na kodi (noti kadhaa kwa pamoja) kwa mkato: unagusa, unaachia. Besi ikishikiliwa hadi pigo linalofuata, hakuna maiki itakayokuokoa. Mwambie mpigaji afupishe, na kama akodiani ina swichi za upande wa besi, achague ile nyepesi. Piano itakapoingia ndiyo itakayobeba chini.

Kabla ya kuongeza piano, pima tuni ya akodiani. Usipime kwa musette, kwa sababu ulimi mmoja uko sawa, mwingine juu kidogo na mwingine chini kidogo, na kipimo kitarukaruka. Weka swichi ya ulimi mmoja wa katikati, piga noti ya A kwa nguvu ya wastani (ukisukuma mno, noti hasa za chini hushuka), usome namba. Akodiani nyingi ziko 442 Hz, wakati piano ya umeme hutoka dukani ikiwa 440. Tofauti ni karibu senti 8 (senti 100 ni nusu toni), na kwenye noti ndefu za walzi inaudhi kabisa. Pandisha piano, akodiani huwezi kuigusa bila kukwangua ndimi.

Mkiongeza akodiani ya pili, isitumie musette. Ndimi sita zikitetemeka pamoja huzaa uji.

Mkaazi wa Perth
Asanteni sana, wakuu. Je, tutumie metronomu (kifaa cha kugonga mapigo sawasawa)? Na albamu ikitumiwa na wacheza dansi, urefu wa seti uweje?

Mwana wa Reel
Kwa dansi, tumia. Royal Scottish Country Dance Society, iliyoanzia Glasgow mwaka 1923, ina wachezaji duniani kote, na wao huhesabu mizani (vipande vidogo sawa vya muziki). Reel ya 8x32, yaani mizunguko minane ya mizani 32, kwa mapigo 112 kwa dakika, mawili kila mizani, ni sekunde 34 kwa kila mzunguko, yaani dakika 4 na nusu kwa mizunguko yote minane. Strathspey ya urefu huohuo hukaribia dakika 8. Anzeni na kodi ya salamu, maana wachezaji huinamiana kabla ya kuanza, na mmalize na nyingine. Sauti isififie polepole mwishoni, ni kosa kubwa kwa rekodi ya dansi. Kwenye jalada andikeni 8x32R, 8x32J au 8x32S.

Hedifoni ziwe za kufunika sikio, la sivyo mlio wa metronomu utaingia kwenye maiki.

Binti wa Dundee
Naongeza la haki miliki, wengi hulisahau. Si kila wimbo unaosikika wa kale ni wa kale. Tungo za watunzi Niel Gow (alifariki 1807) na Scott Skinner (1927) ziko huru. Jimmy Shand, mpigaji akodiani na mtunzi, alifariki 2000, kwa hiyo tungo zake zinalindwa Uingereza hadi mwisho wa 2070. Kagueni mtunzi wa kila wimbo ndani ya seti, kisha ombeni leseni ya MCPS (shirika la Uingereza la haki za kurekodi tungo) kwa zinazolindwa kabla ya kuchapa CD.

Mkaazi wa Perth
Dada, umetuokoa. La mwisho: mpigaji akikosea mzunguko wa sita, turudie seti nzima?

Fundi Sauti
Hapana. Arudie mzunguko huo kwa metronomu ileile, akianzia mizani 8 nyuma ili mkono upate moto. Kata pale mvukuto unapogeuka, kwani hapo sauti hukatika kidogo yenyewe, na unganisha kwa kuchanganya ncha mbili kwa milisekunde 10 hadi 20. Ukikata katikati ya noti ya musette, mtetemo wa pande mbili hautalingana na sikio litashtuka. Hakikisha katika rekodi zote mbili mvukuto unageukia upande uleule.

Halafu sikiliza kila seti kwa mono (sauti ya njia moja). Kumbi nyingi za dansi zina spika za mono, na melodi ikikonda hapo, sogeza maiki moja sentimita chache kabla hujarekodi seti inayofuata.