Tupeane uzoefu: video ya kifo iliyokufikia bila kuiomba

Mzee wa Safu ya Nyuma: Wakuu, habari za jioni. Humu asiweke mtu video, picha wala linki. Tusimuliane tu ilivyotukuta.

Naanza mimi. Ijumaa ya Machi 15, 2019, nimeshaoga, nimevaa kanzu, nasubiri muda wa swala. Kwenye grupu la tuliosoma pamoja ikaingia video haina maelezo, nikafungua. Kumbe ni yule muuaji wa Christchurch, New Zealand, aliyejirusha mubashara Facebook akiingia Msikiti wa Al Noor. Kwao ilikuwa Ijumaa mchana, kwetu saa tisa na ushei usiku. Watu wanauawa sisi tumelala. Waliokufa kwenye misikiti miwili walifika 51. Nilipoona zulia la msikiti nikaelewa, nikazima. Siku ile nilikaa safu ya mwisho karibu na mlango. Mpaka leo mbele siwezi.

Kinachoniumiza ni hiki. Walioitazama ikiwa hewani hawakufika 200, na Facebook wenyewe walisema hakuna aliyeripoti wakati inaendelea. Ripoti ya kwanza ilikuja dakika 12 baada ya kuisha. Ndani ya saa 24 wakazuia na kufuta nakala milioni 1.5. Hizo zilipandishwa na watu, kwa mikono yao. Na mimi yangu ililetwa na mtu niliyekula naye ugali wa bweni.

Binti Kihonda: Yangu ni Msamvu, Morogoro, Jumamosi ya Agosti 10, 2019. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka. Waliokufa walipita mia. Kaka yangu alikuwa bodaboda. Mimi nipo Dodoma, napiga simu yake haipatikani. Nikiwa bado napiga, shemeji mmoja akanirushia video: "Cheki huko kwenu." Nikaona pikipiki imelala, ina mwamvuli wa njano ulioungua nusu. Mwamvuli ule nilimnunulia mimi, una kiraka cha bluu nilichoshona kwa mkono.

Baba alipopiga alikuwa amejipanga kunieleza polepole, anaanza na "mwanangu, umekula?" Nikamwambia baba, nimeshaona. Akanyamaza. Sikumwachia hata nafasi ya kunipa habari kama mzazi.

Kaka wa Umoja: Pole sana dada.

Mimi niko Nairobi. Nimefanya miaka miwili kwenye kampuni iliyopewa kazi ya kukagua video zinazoripotiwa. Watu hudhani ni mashine tu. Mashine ipo, lakini kuna zinazoishia kwa mtu, na mtu huyo nilikuwa mimi. Nilijifunza kuzitazama bila sauti, nimeipunguza picha iwe ndogo pembeni ya skrini, maana picha unaweza kuipunguza lakini sauti hukaa nawe. Siku moja mke wangu alipiga yowe ameona panya jikoni, nikajikuta nimekaa sakafuni, jasho linanitoka.

Ninachoomba, ukiiona, iripoti halafu ifute. Usiitume kwa wengine ukiuliza "hii ni kweli?" Wakiikata kidogo na kuipandisha upya, mkaguzi fulani kama mimi ataanza kuitazama tena.

Mama Wawili: Wangu ana miaka 9. Ilianza na paka wanacheza, katikati ikageuka. Sasa analala taa inawaka, na haniambii aliona nini hasa. Nimezima ile ya WhatsApp kupakua video yenyewe, na akienda kulala hapewi simu. Mwenye njia ya kumfanya mtoto aseme anisaidie, tafadhali.

Mzee wa Safu ya Nyuma: Mama Wawili, wangu alichora kwanza, maneno yakaja baadaye. Mpe karatasi, kaa naye, usimuulize.

Binti Kihonda, yule shemeji ulimwambia?

Binti Kihonda: Sijawahi. Msibani alikuja, akalia kweli, akashika jembe na wenzake makaburini. Nadhani hajui mpaka leo alichokifanya. Video niliifuta siku ileile, ila mwaka jana ilirudi kwenye grupu la kikoba, imeandikwa "ajali ya jana, ombeeni majeruhi." Wenzangu wanaandika amina. Nikauona tena mwamvuli.