Nakatwa ada ya chama kila mwezi, nataka kugombea uongozi wa tawi. Nianzie wapi?

Muuguzi_Wodi_ya_Watoto

Habari za zamu wakuu. Mimi ni muuguzi daraja la II, hospitali ya halmashauri, Kanda ya Ziwa. Tangu niajiriwe nakatwa asilimia 2 ya mshahara kwenda chama cha wafanyakazi, lakini sijawahi kuitwa kwenye mkutano wa tawi. Fulana ya Mei Mosi tunapewa, basi. Kuna wenzangu walipewa barua za kupanda daraja zamani, mshahara haujabadilika mpaka leo. Posho ya sare wengine wanaipata, wengine hata hawaijui. Ukiuliza unaambiwa chama kinashughulikia.

Nasikia uchaguzi wa tawi unakaribia na nataka kugombea. Wasiwasi wangu ni zamu za usiku, muda nitaupata wapi? Pia naogopa metroni ataniona mchochezi. Na kuna anayeniambia TANNA, chama cha wauguzi Tanzania, inatosha, nisihangaike na TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya. Naombeni ushauri wa mliokaa kwenye matawi.

Sista_Mstaafu

Mwanangu, umenifurahisha sana. Nilikuwa katibu wa tawi la TUGHE hospitali ya wilaya mpaka nilipostaafu, na miaka yote hiyo nilikuwa wodi ya wazazi, kwa hiyo usiku naujua.

Kwanza, TANNA ni chama cha taaluma. Kinasimamia hadhi ya uuguzi, masomo, Siku ya Wauguzi tarehe 12 Mei. Kibakie, ni chako. Lakini kujadiliana na mwajiri kuhusu mishahara na stahiki ni kazi ya chama cha wafanyakazi. Halafu kaangalie salari slipu yako leo hii: nyie wa halmashauri wengi mnakatwa kwenda TALGWU, chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na wala hamjui. Huwezi kugombea kwenye tawi la chama ambacho si mwanachama wake. Kama umekatwa kwenda chama usichokichagua, sheria inakuruhusu kujitoa kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja, kwa mwajiri na kwa chama, kisha unajaza TUF 6, fomu ya kuruhusu makato ya ada, ya chama unachokitaka.

Sasa tawi lenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu tawi popote penye wanachama 10 na kuendelea. Wanachama wakiwa 21 hadi 100, wawakilishi ni 10. Wakizidi 100, ni 15, na angalau watano kati yao wawe wa kuwakilisha wanawake. Nafasi zipo! Tatizo nililoliona mimi ni kwamba wauguzi ndio wengi hospitalini na ndio wachache mkutanoni. Mkutano unaitishwa saa nne asubuhi, wakati sista yuko kwenye raundi na mwenzake wa usiku amelala nyumbani. Anayefika ni mtu wa ofisini, anachaguliwa yeye, halafu tunalalamika kwamba hajui posho ya sare ni nini.

Sisi tulihamishia mikutano saa nane mchana, zamu zinapokabidhiana. Wa asubuhi hajaondoka, wa jioni kashafika. Dakika arobaini, ajenda mbili, wodi haibaki tupu. Hilo ukiliomba kabla ya uchaguzi utakuwa umeshafanya kampeni.

Na hizo barua za madaraja, usiende nazo mdomoni. Chukua kauntabuku, piga mistari: jina, namba ya cheki, daraja la zamani, daraja jipya, tarehe iliyo kwenye barua, mwezi mshahara ulipobadilika au "bado". Kila mtu aandike mwenyewe na asaini, na aambatishe nakala ya barua. Pita wodi kwa wodi, usisahau kliniki ya mama na mtoto na watu wa CSSD wanaotakasa vifaa, wao husahaulika siku zote. Mimi daftari kama hilo nililipeleka kwenye baraza la wafanyakazi, bajeti ikiwa inapitiwa. Afisa utumishi alikuja amejiandaa kusema "ni wachache tu". Aligeuza kurasa, hakusema hivyo. Baadhi walirekebishiwa mwaka huohuo na malimbikizo wakaombewa. Wengine walisubiri zaidi, lakini majina yao yalikuwa kwenye muhtasari na kila kikao tuliyauliza.

Kuhusu metroni: sheria hiyohiyo inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya uanachama au shughuli halali za chama. Ila usianze na sheria. Mwendee umwambie kabla hajasikia kwa watu. Yeye naye aliwahi kudai nauli ya likizo.

Nesi_Pwani_KE

Hamjambo majirani. Mimi niko Kilifi, mwanachama wa KNUN, chama cha wafanyakazi wauguzi wa Kenya. Kwetu mgomo ni haki ya kikatiba, kifungu cha 41, na 2017 tuligoma kuanzia Juni hadi Novemba. Ile miezi ilikuwa migumu mno, kwa wagonjwa na kwetu. Kilichotuweka pamoja ni tawi, kwa sababu taarifa za kutoka Nairobi zilikuwa zinagongana na uvumi kila siku. Mwakilishi wetu alikuwa akipiga simu kituo kwa kituo, mpaka zahanati za mbali. Dada, ukichaguliwa, anza na orodha ya namba za simu.

Sista_Mstaafu

Asante mwanangu wa Kilifi. Huku Tanzania Bara huduma za afya ni huduma muhimu kisheria, mgomo umezuiwa, mgogoro unapelekwa kwenye usuluhishi, CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ndiyo maana nasisitiza maandishi. Anayekwenda kwenye usuluhishi bila nyaraka anarudi mikono mitupu.

Wa_Misheni

Naongezea kwa walio hospitali za binafsi na za dini kama mimi. Kwetu hakuna baraza la utumishi wa umma, kwa hiyo chama kikipata wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi kinadai kutambuliwa, kisha mnajadili mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja na mwajiri. Kwetu wahudumu wa wodi na wapishi ndio walioivusha hiyo nusu. Wauguzi peke yetu tusingefika.

Muuguzi_Wodi_ya_Watoto

Shikamoo mama, na asanteni wote. Nimeangalia slipu: ni TALGWU kweli! Nusu ya wodi yetu iko hivyo, nusu TUGHE. Sasa nihame, au nigombee hukohuko?

Sista_Mstaafu

Marahaba. Usihame kwanza. Kaulize tawi la TALGWU katika halmashauri yenu lina wauguzi wangapi kwenye uongozi, na lini mara ya mwisho walizungumzia madaraja ya watu wa afya. Wakikupa nafasi ya kugombea, gombea hapo. Ila daftari ni moja, liandikwe na wote, TUGHE kwa TALGWU, na nakala ziende kwa makatibu wote wawili. Anza wiki hii, maana bajeti haisubiri uchaguzi.