Coucy-le-Château, Ufaransa: kijiji kimetulia hivi, ngome ilivunjwa na nani?

Dereva_wa_Lille:
Habari zenu wakuu. Naendesha lori kaskazini mwa Ufaransa. Wiki iliyopita barabara ilifungwa nikachepushwa vijijini, nikapita Coucy-le-Château, kati ya Soissons na Laon. Kiko juu ya kilima, kimezungushiwa kuta za mawe, na mitaa kimya kabisa. Kwenye ncha ya kilima kuna ngome kubwa, ila ndani yake kuna lundo la mawe la kutisha. Mzee mmoja aliyekuwa akimwagilia maua alinijibu kwa mkato: "Wajerumani, 1917." Nani anaijua habari hii? Na kabla ya hapo nani aliishi humo?

BintiPangani:
Karibu sana kaka, umeuliza mahali ninapopapenda. Naishi Soissons, na wageni wangu wote huwapeleka huko.

Lile lundo ulikuwa mnara mkuu. Aliyeujenga ni Enguerrand wa Tatu, Bwana wa Coucy, katika miaka ya 1220 na kuendelea. Urefu wake ulikuwa kama mita 54, upana mita 31, na ukuta wake chini unene wa mita 7 hivi. Mfalme mwenyewe kule Paris hakuwa na mnara wa kufikia huo! Ukoo huo ulijisifu kwamba wao si wafalme wala wana wa wafalme, wao ni mabwana wa Coucy, na inatosha.

Lakini usidhani wanakijiji walilala usingizi chini ya mabwana hao. Mwanawe, Enguerrand wa Nne, aliwakamata vijana watatu kutoka Flanders, upande wa Ubelgiji ya leo, waliokuwa wakisoma kwenye abasia (nyumba ya watawa) ya jirani. Walikuwa wameingia msituni mwake na pinde, bila hata mbwa wa kuwindia. Akawanyonga bila kesi. Mfalme Louis wa Tisa alimkamata, na wakubwa wenzake walipokuja juu kumtetea, mfalme hakulegea. Bwana yule alitaka kesi iamuliwe kwa pambano la silaha. Akakataliwa, akatozwa faini kubwa na kuamriwa zisomwe misa kwa ajili ya marehemu. Mimi naona alistahili zaidi ya faini, ila kwa zama zile hata kumsimamisha mtu kama huyo mbele ya hakimu lilikuwa jambo zito.

Wa mwisho wa ukoo, Enguerrand wa Saba, alimwoa Isabella, binti wa mfalme wa Uingereza, mwaka 1365. Alitekwa na Waturuki kwenye vita vya Nicopolis, Bulgaria ya leo, mwaka 1396, akafia kifungoni Bursa, Uturuki, mwaka uliofuata. Baadaye, mwaka 1652, serikali ya Mazarin, waziri mkuu wa mfalme wa Ufaransa, iliilipua ngome isitumiwe na waasi. Mnara ukagoma kuanguka.

Kamanda_Mstaafu:
Ahsante dada kwa darasa. Ila tuwe wakweli, vitani mnara mrefu ni macho ya adui. Jeshi lolote linalorudi nyuma lingeulipua.

BintiPangani:
Shikamoo mzee wangu. Hapo sikubaliani nawe, na nitakwambia kwa nini. Machi 1917, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walikuwa wakirudi nyuma kwenye ngome mpya za mstari wa Hindenburg, safu yao ya ulinzi. Njiani walichoma vijiji, wakatia sumu visimani, wakakata miti ya matunda. Mti wa tofaa unamwona adui kwa macho gani? Na kuhusu mnara, hata Rupprecht, mwana wa mfalme wa Bavaria na kamanda wao mkubwa, aliomba uachwe kwa kuwa haukuwa na faida ya kijeshi. Jenerali Ludendorff, mmoja wa wakuu wa jeshi lao, alikataa. Zikatumika tani 28 hivi za vilipuzi, mnara ukaanguka pamoja na ile minne ya pembeni. Ulikuwa umesimama karibu miaka 700.

Nyumba za kijijini nazo ziliharibiwa sana vitani. Nyingi unazoziona leo zilijengwa upya baada ya vita. Wafaransa waliamua kutoujenga tena mnara. Mabaki yakaachwa wazi watu wayaone.

Kamanda_Mstaafu:
Marahaba mwanangu. La miti ya matunda sikulijua. Hiyo haikuwa vita tena, ni kukomoa raia.

Dereva_wa_Lille:
Nimeelewa sasa. Nikirudi na familia nianzie wapi?

BintiPangani:
Ingieni kwa Lango la Laon, ndilo upande pekee ambao kilima kimeungana na nchi tambarare, ndiyo maana minara yake ni minene vile. Halafu nendeni Lango la Soissons, kuna makumbusho madogo yenye mfano wa ngome ilivyokuwa. Watoto waone mnara kabla ya kuona lundo. Mkibaki na muda, nendeni Chemin des Dames, barabara ya juu ya kilima kirefu, mpaka Caverne du Dragon, pango lililotumiwa na wanajeshi. Aprili 1917, wiki chache tu baada ya mlipuko, maelfu ya wanajeshi kutoka Afrika Magharibi walipigana na kufa kwenye mteremko ule. Wamewekewa sanamu tisa za mbao nyeusi, ndefu, karibu na barabara, kwa hiyo hata lori lako litapata pa kusimama.