Naomba ushauri: mtungi wa zawadi umepakwa vanishi, maji hayapoi

Habari zenu wapendwa. Niko Tanga mjini, na kwangu vyombo vya udongo ndivyo vinavyofanya kazi: samaki wa nazi kwenye chungu, ubani kwenye chetezo, maji ya kunywa kwenye mtungi. Joto letu la mwezi wa pili mnalijua; maji ya mtungini nayapenda kuliko ya friji.

Shoga yangu mfinyanzi amenipa mtungi mpya. Kaufinyanga kwa mkono, kisha akaupaka vanishi nje ung'ae, maana wateja wa siku hizi wanapenda hivyo. Ni mzuri mno! Ila maji hayapoi. Mtungi hupoza kwa sababu maji kidogo hupenya kwenye vitundu vya udongo, yakafika nje na kukauka kwa upepo, na yakikauka huondoka na joto. Vanishi imeziba njia hiyo.

Kuna aliyewahi kuiondoa? Msasa naogopa utaharibu nakshi za shingoni. Kuuchoma upya naogopa utapasuka.

Linaloninyima raha zaidi ni hili: nimwambieje? Yeye na wenzake hufinyanga pamoja, hugawana udongo na kuni, na kila mmoja ana chombo cha mwenzake jikoni. Mimi nisiyefinyanga kuhesabiwa humo ni heshima kubwa. Lakini nikinyamaza, ataendelea kuwauzia watu mitungi isiyopoza, nao watarudi kulalamika kwake.

Wafinyanzi mliomo humu, ninyi mngependa kuambiwa vipi?