Who na that: lini naruhusiwa kuzitoa?

Mdadisi: Wakuu naombeni msaada wa kiingereza. "The man I met yesterday is a doctor" naambiwa iko sawa japo who haipo, ila nikiandika "The man came yesterday is a doctor" nachorewa nyekundu. Mbona zote nimetoa who ileile? Halafu kuna "the people waiting outside", hapo imeondoka who na are pia, sasa sheria ni ipi jamani

Sarufi Tupu: Mkuu angalia nani mtendaji. Ya kwanza aliyekutana ni I, man ni mtendwa tu, ndo maana who inatoka bila shida. Ya pili who ndiyo kiima cha came, ukiitoa msomaji anaidaka "The man came yesterday" kama sentensi nzima, ghafla anagongana na is. Kwa haraka haraka, who ikifuatwa na kitenzi usiiguse, ikifuatwa na I, they au jina la mtu unaweza kuitoa.

kalamu_kavu: Na hiyo ya waiting ni kwamba kitenzi nacho kimevuliwa wakati, kimebaki ing tupu, ndo maana hakigombani na kitenzi kikuu. "The letters written by him" ni hivyohivyo. Ila usikariri kwamba lazima kulikuwa na is au are, "anyone wanting a ticket" imetoka kwenye who wants. Na kitendo cha mara moja kilichokwisha usikipe ing, "the thief who stole my phone" ukiifanya stealing unasema jamaa bado yuko kazini 😂

Umbo la ed ndo balaa sasa. Thomas Bever, mtaalamu wa saikolojia ya lugha, mwaka 1970 alitoa mfano "The horse raced past the barn fell", wenye lugha yao wenyewe wanakwama hapo, maana raced wanaisoma "alikimbia" kumbe ni "aliyekimbizwa". Weka ridden badala yake, hakuna anayekwama.

Mdadisi: Duh. Kwa hiyo "the house I live" iko poa?

Sarufi Tupu: Hapana, "the house I live in". Hiyo in inabaki, na ukiitanguliza mbele, "the house in which I live", which haitoki ng'o. Pia penye koma usitoe, "Otieno, who I met in London, is a doctor" iache hivyohivyo.

Bi Mkora: Mmesahau ugonjwa wetu wa "the book I read it". Tumezoea nilichokisoma, ile ki tunaihamishia kiingereza inakuwa it. Futeni hiyo it