Mama wa miaka 71 anaambiwa "ungekuja jana"? Huyu wa safari za Lushoto ana nini lakini?

Mpemba wa Ngamiani
Wakuu, naandika hata viatu sijavua, tope la Irente, kule Lushoto, bado limeganda kwenye soli. Mnamjua. Watu wa Tanga wote mnamjua: yule wa safari za Jumamosi, "asubuhi Lushoto, jioni nyumbani", mwenye kofia na sauti ya mnada. Simtaji.

Mama yangu ana miaka 71. Kazaliwa Soni, akashuka pwani binti mdogo, akaolewa Tanga, na hajapanda tena tangu tumzike babu. Wiki nzima hana neno jingine: nitasimama Irente niione nyika yote chini. Nikalipa 45,000 yake na 45,000 yangu. Akaazima sweta kwa jirani.

Na huyo bwana, mbele ya kosta nzima, kamwambia: "Bibi, ungekuja jana."

UNGEKUJA JANA!

Tuliambiwa kuondoka saa 11 alfajiri. Saa 11 tupo stendi, sisi na mbu. Gari limekuja saa 2 na nusu, linanuka papa. Muheza akashuka kununua machungwa, si ya kula, ya biashara, magunia manane, nikasafiri magoti yamegusa kidevu kama kuku wa mnadani. Segera akakutana na shemeji yake. Korogwe akakutana na shemeji mwingine. Mombo akaagiza nyama choma, na wallahi tulipofika yule mbuzi alikuwa bado hajazaliwa.

Kutoka Mombo kupanda ni kilomita 30 na kidogo tu, lakini kona juu ya kona, mlima huku, korongo kule. Mama hakuogopa hata kona moja. Alikuwa ananionyesha: pale palikuwa kwa fulani, pale tulichota maji. Soni akaomba dakika mbili tu ayaone maporomoko. "Tumechelewa, bibi." Nani katuchelewesha? Mama yangu ndiye mwenye mashemeji?

Irente tumefika saa 11 jioni. Ukungu. Siku ya jua pale ukingoni unatazama chini karibu mita 1,000, unaona Wamasai wanakochungia na mashamba ya mkonge. Sisi tulikuwa kama tumefungwa ndani ya gunia la pamba. Mama kasimama na sweta la watu, kashika mkoba kwa mikono miwili, kauliza taratibu kabisa, "Mwanangu, hautaondoka kidogo?" Na yeye, huku anachokonoa meno, nyama ile ile ya Mombo: "Bibi, ungekuja jana."

Akacheka. Kisha akapiga makofi, dakika saba, tupande gari.

Jana ipi? Tiketi imeandikwa Jumamosi! Saa 11 alfajiri tuliyokesha stendi si ndiyo ilikuwa jana yetu?

Njia nzima kurudi mama hakusema neno. Alilikunja sweta akaliweka mapajani. Pesa akae nazo. Nataka aje mlangoni kwetu amwombe radhi mama yangu.

Chumbageni1
Pole sana dada. Kofia namjua vizuri. Mimi aliniacha Soni na wenzangu wawili, tukashuka Mombo juu ya lori la kabichi.

Mzee wa Segera
Reli ilianza kujengwa Tanga 1893, ikafika Mombo 1905. Miaka 12. Wewe umefika siku moja, na nyama umekula, bado unalia.

Mpemba wa Ngamiani
Nyama kala YEYE! Na mzee wangu, mama yako mzazi akiambiwa "ungekuja jana" mbele za watu, utamletea hesabu za reli?

Mwanamkonge
Tanga kwetu waja leo waondoka leo. Kawapeleka kimila kabisa, hahaha.

Kona ya Soni
Mimi nipo huku juu. Ukungu wetu hauna ratiba, na ninyi watu wa pwani mna tabia ya kupanda na kushuka kama mmefuata chumvi. Laleni hata usiku mmoja. Asubuhi Irente, mchana msitu wa Magamba. Wajerumani walikimbia joto la huko kwenu wakaja kukaa hapa, wakapaita Wilhelmstal, wala hawakurudi jioni.

Chumbageni1
Kulala na nini, hiyo baridi? Na gesti ya kwanza niliyopata huko blanketi lilikuwa fupi kama kanga ya mtoto.

Binti Korogwe
Mnalia na kofia, mie kilio changu ni plamsi. Ndoo nimenunua Mombo, juu zinang'aa kama shanga, chini uji mtupu. Wauza matunda wa pale ni mashetani.

Kona ya Soni
Usituchafulie plamsi. Umenunua Mombo, kwenye joto lile, halafu walaumu Lushoto? Panda ununue sokoni.

Binti Korogwe
Nipande na gari lipi, la kofia?

Mwanamkonge
Hata hivyo pichisi ndiyo tunda. Plamsi ni uchungu na kokwa.

Mzee wa Segera
Na kwa nini mwende mbali kote huko? Amani ipo hapo juu ya Muheza, Usambara hiyo hiyo, upande wa mashariki.

Kona ya Soni
Amani mna Irente?

Mzee wa Segera
Irente yenyewe si mmesema haionekani?

Mpemba wa Ngamiani
Jamani, tunazungumza habari ya MAMA YANGU hapa.

Chumbageni1
Mpe salamu, dada. Mwambie tumeumia naye.

Binti Korogwe
Pole yake mama. Kona, ndoo ya plamsi huko sokoni sasa hivi shilingi ngapi?