Meli ndogo ya matanga au meli kubwa mto Nile? Nataka kumpeleka mama, maoni yanagongana

KijanaWaIgombe

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo kwa yeyote aliyewahi kupanda meli za kitalii za mto Nile kule Misri, zile za kutoka Luxor kwenda Aswan.

Iko hivi, mama yetu ni mwalimu mstaafu, ana miaka 68, kafundisha jiografia shule za msingi huku Mwanza na tangu tukiwa wadogo alikua anatupeleka ziwani anatuonyesha kwa kidole anasema haya maji yanapita Jinja yanashuka mpaka Misri. Yeye mwenyewe nje ya nchi kafika Kisumu tu, mara moja, tena msibani. Mwaka huu tumechangishana watoto wote wanne, tumesema mama lazima ayaone hayo maji huko yanakoishia, na mimi ndo nitamsindikiza.

Sasa kuna meli kubwa, vyumba 60 au 70, bwawa la kuogelea juu, chakula unajipakulia. Alafu kuna hizi ndogo za matanga wanaita dahabiya, vyumba sita mpaka kumi na mbili hivi, zinaenda polepole. Kwa mawakala niliowauliza mimi hiyo ndogo bei yake ni karibu mara mbili. Nimekaa wiki nzima nasoma maoni ya waliosafiri nimezidi kuchanganyikiwa, mmoja anasema hajawahi kupumzika vile tangu azaliwe, mwingine chombo aina hiyohiyo njia hiyohiyo anasema alikua anahesabu siku ziishe ashuke. Na wote wanaandika kama watu wakweli.

Mama magoti yanamsumbua na presha anatumia dawa, ila ni mtu wa maongezi, akikaa na mtu dakika kumi ashajua kwao ni wapi na ana watoto wangapi. Nyie mngempeleka na ipi?

MwanaWaKizimkazi

Kaka hongereni kwa hilo mnalomfanyia mama, Mungu awazidishie. Mie nilipanda dahabiya Januari na mume wangu na nakwambia kwa moyo mmoja nenda na hiyo.

Tulikua wageni 14 tu. Hatukupandia Luxor, tulichukuliwa na gari mpaka Esna ndo tukapanda, maana pale Esna mto umezibwa na kuna mlango wa maji ambao meli zinaingia zinapandishwa, na foleni yake ndefu, basi dahabiya nyingi zinaanzia upande wa juu. Jina lenyewe linatokana na dhahabu hiihii tunayoisema sisi. Ina matanga mawili ya pembe tatu, kubwa mbele na dogo nyuma, ukitazama unaona kabisa ni ndugu wa majahazi yetu. Upepo wa kule unatoka kaskazini karibu mwaka mzima, fikiria kaskazi isiyokwisha, kwa hiyo chombo kinapanda mto kwa tanga na kurudi kinashuka na mkondo. Nahodha wanamwita rayis, na mabaharia wakinisikia nasema chai, sukari, samaki, sabuni walifurahi sana, kila siku tukawa tunatafuta neno jipya tunaloshirikiana.

Tulisimama Gebel el-Silsila, machimbo ya mawe ya zamani, mlima umekatwa wima kama jibini na alama za patasi bado zipo ukutani, mawe ya mahekalu mengi yalitoka hapo. Meli kubwa zinapita tu hazisimami, tulikua peke yetu sisi na mlinzi mmoja. Usiku tunafungwa kwenye kisiwa, hakuna taa, hakuna muziki, alfajiri unasikia adhana ya ng'ambo hii ikianza na ng'ambo ile ikijibu na maji yanapiga mbao chini yako. Nililia siku ya kwanza, sijui hata kwa nini. Chakula samaki, bamia, dengu, mikate ya moto, pilipili hakuna kabisa.

FundiMkuuDodoma

Mkuu mimi ni mmoja wa hao waliokua wanahesabu siku, kwa hiyo nikueleze na upande wangu kwa nia njema kabisa, simpingi dada hapo juu kwa alichokiona yeye.

Nilienda mwezi wa sita. Siku tatu kati ya nne upepo ulikua hakuna na yale matanga yakabaki yamefungwa, ikaletwa boti ya injini ikatuvuta kwa kamba toka asubuhi mpaka jioni, mngurumo wake unausikia mpaka mezani na moshi ukigeuka unakuja kwenu. Sasa mimi nimelipia matanga! Nahodha wa watu hana kosa, upepo haununuliwi, ila wakala aliyeniuzia hakunigusia hata neno moja kwamba hilo linatokea mara kwa mara, na pia aliniambia mwezi wa sita hali ya hewa ni nzuri. Aswan mwezi wa sita ni nyuzi 40 na zaidi, mchana hukai juu, unakaa chumbani, na usiku jenereta ilikua inazimwa ili watu walale kwa utulivu na kiyoyozi kikazimika nayo. Jina la wakala naliacha.

Lakini hata bila joto nadhani ningechoka. Nilienda peke yangu. Wageni wengine walikua Wafaransa watupu, wake kwa waume, watu wastaarabu sana, walijitahidi kunisemesha, ila mkikaa meza moja asubuhi mchana jioni siku nne na lugha haipiti inakua mzigo kwao na kwako. Kwenye meli kubwa usipopatana na huyu unahamia kwa yule, kwenye hii ndogo mtu kumi na tano ndo ulimwengu wako wote. Baada ya chakula cha mchana mpaka jua linazama ni kukaa. Dada anasema kimya kilimliza, mimi kimya kilekile kilinifanya nimuwaze marehemu mke wangu kutwa, na sikua nimekifuata hicho.

Umesema mama ni mtu wa maongezi. Anaongea lugha gani zaidi ya Kiswahili na Kisukuma? Anza na hapo kabla ya bei.

MwanaWaKizimkazi

Pole sana kaka Fundi, Mungu amrehemu. Hilo la boti ya kuvuta ni kweli, hata sisi ilituvuta siku moja karibu nzima, nimelisahau kuliandika kwa sababu nilikua nimelala juu kwenye mito nikaamka tumefika. Na sisi tulikua wawili, kwa hiyo hilo la kukosa wa kuzungumza nae sikulipima.

MamaBakariLikoni

Mwanangu mimi nilienda na meli kubwa, tulikua wanawake wanane wa chama chetu tuliweka akiba miaka mitatu. Nitakwambia mabaya kwanza. Zile meli zikifika mjini hazina nafasi ya kila moja ukingoni, zinafungwa ubavu kwa ubavu tatu nne tano, kwa hiyo kushuka unapita ukumbi wa meli ya jirani kisha wa jirani yake ndio ufike nchi kavu, na ukifungua pazia asubuhi huoni mto unaona mtu wa meli nyingine akipiga mswaki. Harufu ya dizeli iko. Na kila hekalu mnafika wote kwa wakati mmoja, hekalu la Kom Ombo jioni ile ni umati kama feri ya Likoni asubuhi.

Lakini sisi tulifurahi jamani! Kulikua na familia ya Khartoum, wamama wa Malaysia, vijana wa Brazil, usiku mmoja watu wote wanavaa kanzu za Kimisri ukumbini na kucheza, mimi na magoti yangu haya. Tulipofika huo mlango wa maji wa Esna tulikaa foleni masaa na wachuuzi wakaja na vimashua vidogo wakishika kamba za meli, wanarusha vitambaa vya meza na kanzu ndani ya mfuko wa plastiki mpaka deki ya juu kabisa, ukitaka unatia pesa kwenye mfuko unamrushia, hutaki unamrushia nguo yake. Ghorofa tatu kwenda chini wanadaka! Foleni hiyo wengine waliilalamikia mpaka kesho yake. Kwangu mimi ndio masaa nitakayoyasimulia mpaka nife, na kwa mama kama wako naona angefika Aswan anawajua wachuuzi kwa majina.

Kwa magoti sasa. Uliza LIFTI. Meli kubwa nyingine zinayo nyingine hazina, usikubali jibu la nitakuangalizia. Hizo ndogo ngazi ni chache lakini kushukia kisiwani ni ubao mmoja kisha mchanga. Hekalu la Esna liko chini ya barabara ya sasa kama mita 9 hivi, ni ngazi kwenda na kurudi, huko mmoja wetu alibaki juu. La Edfu ni tambarare, zuri, refu kama ukuta wa mbinguni, la Horus, mungu wao wa kale. Kufika pale wanakupakia gari la farasi asubuhi na mapema na wale farasi wengine wamekonda mpaka mbavu unazihesabu, mimi sikuweza kupanda, tukaomba gari tukapata.

Aswan tulipelekwa kijiji cha Wanubi, nyumba za buluu na njano, nikasema kumbe hawa ndio ndugu wa Wanubi wetu wa Kibera.

AliyekaaCairo

Nilisoma Cairo miaka minne na njia hiyo nimeipita mara tatu, mara mbili na wageni kutoka nyumbani.

Mama Bakari heshima yako mama, ila Wanubi wa Kibera ni uzao wa askari walioletwa na Waingereza kutoka Sudan, waliotoka makabila mengi, na Kinubi chao kimezaliwa na Kiarabu. Wale wa Aswan ni watu wa mto wenye lugha zao wenyewe za kale, na vijiji vyao vingi vilizama bwawa kubwa lilipojengwa, lilikamilika 1970. Ukimpata mzee wa kule akuelezee kijiji cha baba yake kilichopo chini ya maji hutasahau.

Kijana, miezi mizuri ni Oktoba mpaka Aprili. Mchana utavaa shati, usiku wa Januari juu ya deki unahitaji sweta, mama mchukulie. Abu Simbel, yale mahekalu ya kale yaliyochongwa mlimani, haiko kwenye njia ya meli, ni kama kilomita 280 kusini ya Aswan, mnaamka usiku mnaenda kwa gari na kurudi mchana. Inachosha lakini kwa mwalimu wa jiografia usiache, mlima mzima wa mahekalu ulikatwa vipande ukapandishwa juu kati ya 1964 na 1968 ili ziwa la hilo bwawa lisiumeze. Kama presha haitulii kuna ndege.

Kuogelea, kwenye dahabiya mabaharia watakuonyesha pa kuingilia na wengi wanaingia. Mimi ni mtu wa Musoma, kichocho nakijua tangu shule, sijawahi kuingia. Bakshishi tenga pembeni kabla hujatoka nyumbani, siku ya mwisho kuna bahasha ya wafanyakazi wote na mahekaluni kila anayekuonyesha kitu anategemea chochote.

Jambo la mwisho mwambie mama taratibu. Maji mengi yanayofika Misri yanatoka milima ya Ethiopia kwa Nile ya Buluu. Ya kwetu yanapita kwenye kinamasi cha Sudd huko Sudan Kusini na karibu nusu yanapotea hewani kabla hata ya kufika Khartoum.

KijanaWaIgombe

Aisee asanteni sana, sikutegemea. Jana usiku nimemsomea mama majibu yote kwa sauti, na Fundi pole mkuu, mama kasema anakuombea na kaniuliza marehemu alikua anaitwa nani ili amtaje.

Ya Ethiopia kacheka, kasema ameifundisha darasani kabla mimi sijazaliwa, na kwamba hata kikibaki kikombe kimoja cha ziwa letu anaenda kukiangalia. Ya wachuuzi wa Esna kaniomba nirudie mara mbili. Ya kimya cha kisiwani alinyamaza kidogo akasema kimya anacho nyumbani tangu baba afariki, anataka watu. Kwa hiyo ni meli kubwa, mwezi wa pili, na pesa itakayobaki tunaongeza siku mbili Aswan. Dada wa Kizimkazi hiyo adhana ya ng'ambo mbili imeniingia moyoni, nitaitafuta siku yangu mwenyewe.

Swali moja limebaki, hapo Aswan kuna namna ya kupanda hata mashua ya tanga kwa saa chache tu? Nisingependa arudi bila kuonja.

AliyekaaCairo

Ipo, zinaitwa feluka, zimejaa pale ukingoni. Nenda jioni kama saa kumi na moja jua likipoa, zungukeni kisiwa cha Elephantine. Patana bei na muda kabla mama hajainua mguu, na chagua sehemu yenye ngazi za zege za kushukia, zipo, usikubali kupandia kwenye mawe.

FundiMkuuDodoma

Mwambie mama anaitwa Rehema. Na wakala akuandikie kwenye risiti kwamba meli ina lifti na jina la meli yenyewe, mimi risiti yangu iliandikwa safari ya Nile tu.

KijanaWaIgombe

Nimemwambia. Kesho naenda kwa wakala na daftari, nikirudi mwezi wa tatu nitaleta mrejesho na picha.